Kasuku Hataki Shule

Jumatatu, 3 Machi
Tumbo tena. Wiki ya tatu sasa Kasuku haendi shule. Ana miaka tisa, na jina hilo tulimpa kwa domo lake – siku hizi neno halimtoki mpaka umbembeleze. Daktari wa watoto kapima kila kitu. Tumbo halina shida, anasema. Katuandikia tukamwone mshauri, chumba cha mwisho pale pale kliniki. Baba yake kaja juu: mtoto wake si kichaa! Mimi sina hata nguvu za kubishana.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeomba ruhusa kazini, mashuka ya hoteli kayapiga pasi mwenzangu. Mshauri ni mama wa makamo. Kavua viatu, kakaa chini na mtoto. Mimi benchi la nje. Dakika arobaini. Nikasikia sauti ya mwanangu nyuma ya mlango – anaongea! Tena na mgeni! Nilipaswa kufurahi. Nikaona wivu.
Njiani nikamuuliza wameongea nini. Mambo tu, akasema. Basi.

Jumapili, 9 Machi
Nimelala mchana kutwa. Kila nikifumbua macho, Kasuku yupo mlangoni. Nikamfokea akacheze nje. Hakwenda.

Alhamisi, 13 Machi
Sijui nianzie wapi.
Leo mshauri kaniita ndani. Akamwambia Kasuku, taratibu, "Mwambie mama, kama ulivyoniambia." Mtoto akaangalia vidole vyake.
"Nikienda shule, nani atakuangalia?"
Kumbe alisikia. Siku tuliyomzika mdogo wake – siku kumi na moja tu za kuishi – nilimwambia dada yangu jikoni, bora ningezikwa naye. Nilidhani mtoto kalala. Miezi mitano ananilinda! Na tumbo linamuuma kweli, mshauri anasema. Hofu ndiyo inayomuuma.
Akampeleka mtoto kwa muuguzi, akarudi, akaniuliza bila kuzunguka: bado unatamani kufa? Nikasema hapana. Kisha nikasema, siku nyingine ndiyo. Sijawahi kulitamka.
Kanipangia miadi yangu mwenyewe, kila wiki. Nisibaki peke yangu kwa sasa. Dawa zote za nyumbani akae nazo dada. Na baba Kasuku aje.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemfuata mume wangu karakana, nikamwambia yote. Nilitegemea makelele. Akazima mashine ya kuchomelea, akakaa juu ya mageti aliyokuwa anayaunga.
"Nilidhani wewe umeshapoa. Nikaona aibu kulia peke yangu."
Tumelia wote, mchana kweupe, wateja wanapita! Atakuja, kasema.

Jumatano, 19 Machi
Kaenda shule! Jana mshauri alituweka wote watatu, akamwambia Kasuku kumwangalia mama ni kazi ya watu wazima. Leo zamu ya dada yangu. Kasuku akamkagua dada kama askari wa getini, ndiyo akavaa viatu.
Saa tatu mwalimu wake kapiga simu: Kasuku anauliza kama nipo. Nipo. Saa nne tena. Nipo. Mwalimu akaomba radhi kwa usumbufu – nikamwambia apige tu.
Saa sita akampa simu mwenyewe.
"Mama, umekula?"
Sikuwa nimekula tangu jana. Sahani iko mbele yangu, dada kanikazia macho. Nikamwambia Kasuku asubiri. Nikatia kijiko mdomoni, nikatafuna simu ikiwa sikioni, asikie.
Akasikiliza mpaka nikameza.
"Na cha pili?"