Nimenyoa Baba Akiwa Hai

Jumamosi. Mvua hainyeshi wala haiachi kutishia. Mawingu yamelala juu ya migomba tangu asubuhi, na mimi nimekaa hapa na simu yangu, kichwa kinapigwa baridi.

Ndiyo, nimenyoa. Kipara kabisa.

Barua ya chuo ilisema wazi: kadeti wa kike aripoti Jumatatu akiwa amenyoa, asiwe na rasta, hina wala kucha ndefu. Anayefika na nywele anarudishwa getini siku hiyo hiyo. Nafasi hii nimeisubiri miaka miwili, na nimechoka kuulizwa na kila mtu nafanya nini nyumbani. Basi saa tatu nikaenda kwa kinyozi wa pale senta, nikafumba macho, mashine ikapita.

Bibi, mama yake Baba, alinikataza. Huku kwetu mtu ananyoa akishazika, siku ya kuanua matanga. Na Baba amelazwa hospitali ya Nyakahanga, hii wiki ya tatu, tumbo limevimba, chakula hakipiti. "Subiri kwanza mwanangu apone," Bibi aliniambia. Nikamjibu kwamba chuo hakisubiri, kwa ile sauti yangu ya kujiona nimesoma. Naijutia ile sauti kuliko hata nywele.

Nilishuka kwenye bodaboda hapa Kibingo kichwa wazi, mjinga mimi. Jirani yetu Mama Adelina alikuwa anapalilia kahawa. Kuniona tu, akatupa jembe: "Yesu wangu! Pole waitu, pole mwenzetu, ametutoka lini?" Kabla sijafungua mdomo alishapiga yowe.

Watu wa huku wakisikia yowe hawaulizi, wanakuja. Mara uani pamejaa: mikungu ya ndizi, kuni, vijana wawili na turubai. Nikawa nazunguka kama kuku, napiga kelele, "Baba mzima! Ni nywele za chuo!" Wengine wakacheka kwa aibu, wakabeba ndizi zao. Mama Adelina akaomba msamaha, akanisonya, akaomba tena.

Ila Mzee Laurenti, jirani wa upande wa pili, hakuchukua kuni zake. Aliziegemeza ukutani, akasema, "Zikae tu hapo." Bibi hakumbishia.

Mchana nikajifunga kitenge kichwani, nikaenda hospitali. Nilijiapiza Baba asijue. Nikainama kumnywesha uji, kitenge kikateleza.

Aliniangalia sana. Baba yangu ni mtu wa utani, nikangoja aniite boga.

"Mmeshaninyolea?" akauliza.

Nikamweleza yote, chuo, barua, ukadeti. Akatikisa kichwa kukubali, akasema hongera mwanangu, ukawe askari mwema. Kisha akageukia ukutani na uji akaukataa.

Sasa nimerudi. Sanduku nimeshafunga, na kuni bado zipo pale pale. Mafunzo ni miezi sita, kipara hivi hivi muda wote. Ruhusa inatolewa kwa msiba tu.

Naogopa. Sina cha kuficha humu, naogopa sana. Wakiniita nikiwa kwenye gwaride, nitarudi, nitakaa na ndugu zangu pale uani siku ya kuanua matanga, na wembe utapita kwa mmoja mmoja mpaka unifikie mimi, binti yake wa kwanza.

Nitanyoa nini?