Mikuyu ya Chemchemini

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Huku Mwera sote wazima. Mdogo wako kang'oka jino la mbele, basi hataki kucheka.

Umeniuliza kama mto wetu unakufa. Mimi nshauona ukifa mara moja. Baada ya Mapinduzi tuligaiwa eka, mimi na babu yako tukalima mpunga bondeni. Sote tuliamini mikuyu ya chemchemini inatunywea maji ya mpunga wetu, tukaikata huku tunaimba. Kiangazi kilichofuata chemchemi ikabaki tope, mto ukakauka, miche ikanyauka. Babu yako akanuna, kisha akaenda kuchomeka vijiti vya mkuyu pale pale.

Nikamcheka. "Unapanda kuni?"

"Tumekata wenyewe, Bi Mwanaidi. Tupande wenyewe."

Mwaka ule maji hayakurudi, wala uliofuata. Yalirudi mama yako akitambaa, na nilimwogesha kwa maji hayo.

Sasa mikuyu imekatwa tena, watu wanajenga. Mwezi uliopita nilikwenda na mdogo wako tukachomeka vijiti. Kimoja kishatoa jani. Alipoliona akacheka, pengo na yote.

Ukija usivae viatu vyako vizuri. Inshallah utakuta maji.

Bibi yako