Nilipoulizwa Nani Alinifundisha

Jumanne

Nilisema hakuna mtu. Mwalimu wa chuo alishika bangili za shaba nilizotengeneza, akauliza nani alinifundisha. Baba alikuwa ameketi kando yangu na ovaroli yake iliyochakaa, nikaona aibu kusema ni yeye, kwa kibanda chake cha ufundi hapa Kambi Muru.

"Nilijifundisha tu mwenyewe," nikamjibu.

Wamenichukua. Nitasomea usonara, kitu nimetaka tangu nikiwa mdogo.

Tulirudi nyumbani. Jioni nikiwa ndani nilimsikia Baba nje akiambia majirani, "Huyu msichana wangu amejifundisha mwenyewe. Mimi sikumwonyesha kitu."

Walimpongeza. Nilishindwa kutoka.

Kesho tunafanya kazi pamoja, na sijui nitamwangalia aje.