Pini ya Mkunazi

Jumamosi, 28 Februari 2009

Hilali kaileta bunduki ya marehemu baba yake! Imefungwa kwenye shuka, kaibeba mikononi kama mtoto aliyelala. Miaka mingapi nimeitamani hii, na sikuwahi kuthubutu kuomba. Mama Zuweina hakuwa akimruhusu mtu kuigusa.

Mama Zuweina ndiye aliyeninyonyesha, mama yangu alipoumwa baada ya kunizaa. Kwa hiyo Hilali ni ndugu yangu, na ndugu yangu ana shida: mwanawe Azani anaoa Alhamisi ya tarehe 19, na anataka bunduki ya babu ilie kwenye razha, ngoma ya panga, wanaume wakicheza.

"Wewe si daktari wa bunduki za kale? Mtibu huyu."

Raya mke wangu kachungulia, kahesabu bunduki zangu zilizoning'inia ukutani. "Kumi na mbili sasa. Na mimi peke yangu. Kadhi anajua?"

Jumatatu, 2 Machi

Nimeshinda kwenye chumba cha zamani cha mbuzi. Furaha tupu!

Mtutu una kutu ya juu juu tu. Nimepaka mafuta, nimeuacha ulale. Msasa sipigi. Kuna watu wanazisugua mpaka zinang'aa kama birika la kahawa – dhambi! Mkwaruzo aliouacha mwenye bunduki hauguswi.

Kitako kimebonyea mahali pawili. Nimeiba pasi ya Raya. Kitambaa chenye maji, pasi juu yake, mvuke unaingia, mbao inainuka yenyewe. Kila mara nashangaa upya. Raya kanikuta katikati ya wizi. Kesho najua nitavaa kanzu yenye makunyanzi.

Hilali kapita na halua, kanisimulia tena habari ya baba yake kwenye vita vya mlima. Kana kwamba siijui! Baba Hamdani peke yake juu ya njia ya mbuzi, askari wanapanda, yeye risasi moja tu – wote wakarudi nyuma. Kila Idi tulikaa miguuni pake tukamsikiliza. Sauti yake ilikuwa ikishuka kila akifika kwenye hiyo risasi.

Jumatano, 4 Machi

Sielewi.

Leo nimefungua kile kipande kinachopanda na kushuka kuufunga mtutu. Ndani yake hukaa pini ya chuma. Hiyo ndiyo inayogonga risasi. Bila hiyo, bunduki ni fimbo.

Hakuna pini ya chuma. Kuna pini ya mti!

Mkunazi. Imechongwa vizuri ajabu, urefu sawasawa, imepakwa mafuta. Nilicheka peke yangu. Halafu kicheko kikakatika. Skrubu zimeganda kwa kutu ya miaka mingi mno. Nimemwagia mafuta siku mbili ndipo zikalegea. Huyu hakufunguliwa jana wala juzi.

Ijumaa, 6 Machi

Soko la Nizwa. Nimeuliza kwa wauza bunduki wote kama wana pini. Hakuna. Mzee mmoja kanicheka, kasema kitu kidogo hivyo hakipotei chenyewe, kaulize nyumbani kwao.

Hilali kapiga simu, ana furaha kama bwana harusi mwenyewe: Ami Muhanna anakuja kutoka Sohari! Mdogo wake Baba Hamdani. Vita vile, mmoja alikuwa mlimani, mwingine na askari wa serikali chini. Walipatana baadaye, walikula sahani moja, lakini bunduki hawakuizungumza kamwe.

Jumanne, 10 Machi

Nimetoka kwa Mama Zuweina. Niandike kama ilivyokuwa.

Nilimkuta anatandaza unga kwenye chuma cha moto, mkate mwembamba kama karatasi. Kanipa wa kwanza, kama kawaida. Nikamwambia nimeifungua bunduki, pini haimo.

"Nani kakutuma uingie mpaka huko ndani?"

"Mama, kutengeneza ndiko huko."

"Ungepaka mafuta ukanyamaza. Ualimu umekuharibu."

Akafuta mikono. Akaingia chumbani, akatoka na kopo lake la sindano. Ndani, kwenye kitambaa: pini ya chuma. Safi, haina kutu hata chembe.

"Baba yangu alikuwa fundi fedha, alizivisha bunduki pete. Nimekua nikimwona anavyozifungua. Hamdani alikwenda kuoga kwenye mfereji wa falaji kabla ya kupanda mlima. Nikaitoa. Muhanna alikuwa chini na wale askari, mwanangu. Tumbo moja! Mmoja angemuua mwenzake, mimi ningeishi vipi na aliyebaki?"

"Na ukaweka hii?" Nikamwonyesha ya mti.

Akaishika. Akaigeuza. Mkate ukaungua, hakuuona.

"Mimi sikuweka kitu."

Akapitisha kidole kwenye alama za kisu.

"Huu ni mkono wa Hamdani. Ndivyo alivyochonga miiko yangu yote." Akakaa chini kabisa, sakafuni. "Alijua. Miaka arobaini na minne, mpaka anakufa, alijua, na kila siku ananisifia mchuzi!"

Alikuwa analia na kucheka pamoja. Kisha akasema: "Mimi nikidhani anawadanganya watu na ile risasi yake. Kumbe angesema bunduki ilikataa, wangeuliza nani aliyeiharibu. Alikuwa ananisitiri mimi."

Nikamuuliza nitie ipi. Kasema fundi ni mimi. Ila Hilali asijue.

Jumapili, 15 Machi

Pini mbili mezani. Nimeijaribu ya chuma kwa ganda lisilo na risasi: pap! Imekaa kama haikuwahi kuondoka. Nikaitoa. Nikarudisha ya mti. Nikaitoa.

Raya: tia ya chuma, vijana wafurahi. Baada ya chai karudi: usiitie. Halafu kaondoka na pasi yake.

Jumatano, 18 Machi

Naandika ndani ya gari, nje ya msikiti.

Ami Muhanna kafika. Mwembamba, fimbo mkononi, jicho moja haliko. Tulikuwa barazani kwa Hilali, watu wamejaa, kahawa inazunguka. Nimeileta bunduki, kitako kinang'aa kwa mafuta ya kitani, wote wanasema mashaallah. Ya mti imo ndani. Ya chuma imo mfukoni mwangu. Sikuweza kuamua, nikaja na zote.

Hilali kasimama: Ami ndiye atakayepiga wa kwanza kesho, kwa heshima ya marehemu! Halafu kaanza ile hadithi, njia ya mbuzi, risasi moja –

"Mimi sikusikia risasi," kasema Ami.

Watu wakacheka. Hilali kamwambia, "Masikio hayo, Ami! Sasa hivi hukusikia hata kahawa imekwisha."

"Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa wa mbele. Nilimwona juu ya mwamba, kanilenga mimi hapa." Kagusa kifua. "Tulitazamana. Nikasubiri. Hakupiga. Tukarudi nyuma kwa sababu mimi niliwaambia wenzangu njia haipitiki. Yeye akapenda kusema alipiga, nami sikumharibia hadithi yake. Lakini miaka hamsini nalala vizuri kwa sababu najua: ndugu yangu aliweza kuniua, hakutaka."

Hakuna aliyecheka tena. Mlangoni Mama Zuweina kasimama na sinia ya tende, hasogei.

Ami kainyoosha mikono, nikampa bunduki. Kaipapasa yote polepole, mpaka kwenye mtambo. Kanielekezea lile jicho lake moja.

"Mwalimu, wanasema wewe umeiona ndani. Siku ile ilikuwa nzima?"

Nikamtazama Mama. Mama akatazama tende zake.

Adhana ya magharibi ndiyo iliyoniokoa. Nimeswali mstari wa nyuma, nikatoka wa kwanza. Naogopa kama mtoto wa shule. Nikisema ndiyo, ni uongo, na kaka aliyekataa kumuua anabaki naye. Nikisema hapana, nampokonya usingizi wa miaka hamsini –

Wanatoka. Hilali anamshika Ami mkono, yeye anaukataa. Anakuja peke yake kwenye gari, anagonga kioo kwa kichwa cha fimbo.