Namba Niliyompa Rosalba

Mtaa wa Los Boldos,
Villa Perquil, Maule.
14 Oktoba 2023

Mpendwa kaka Nibaldo,

Hamjambo huko Punta Arenas? Mgongo wako umetulia, au bado unaamka umepinda? Wifi Oriana na mabinti wanaendeleaje na huo upepo wenu? Sisi huku tupo. Mizabibu imeanza kutoa majani. Mama hana ugonjwa, ila anakula vijiko viwili vya supu na kusema ameshiba. Mimi sina homa wala kikohozi, lakini nikikwambia mzima nitakuwa nakudanganya.

Rozari za siku tisa za kumwombea mdogo wetu tumezimaliza. Majirani walijaa mpaka uani. Wanafunzi wa Rosalba wa darasa la pili walikuja na mwalimu mkuu, wakaanza wimbo, wakashindwa kuumaliza.

Siku ile kwenye simu uliniuliza, "Herminda, nyongo inamuuaje mtu wa miaka arobaini na moja?" Nikakwambia mtandao unakatika. Haukukatika, nilikata mimi. Ndiyo maana nakuandikia, kwa mdomo sitaweza.

Haikuwa nyongo, kaka. Lilikuwa ini, na kilichoharibu ini la mdogo wetu ni mvinyo.

Kazi yangu unaijua. Mgonjwa akisharuhusiwa, faili lake huja mezani kwangu, nalisoma, na kila ugonjwa naupa namba yake. Ini lililoota makovu kwa sababu ya pombe lina namba yake, na lile lisilojulikana chanzo lina yake. Daktari asipotaja chanzo, siruhusiwi kubuni. Namrudishia faili na swali: je, ni pombe? Anakunywa kiasi gani, tangu lini? Akijibu na kutia sahihi, ndipo naandika.

Aprili, Rosalba alipolazwa siku sita macho yakiwa ya manjano, yeye mwenyewe alituambia ni nyongo, tukaamini. Kisha faili lake likaja kwangu. Kwa taratibu zetu, faili la ndugu yako hupewa mwenzako. Nilipaswa kumpa Ximena, ambaye meza yake iko mkabala na yangu. Nikalifungua.

Daktari aliandika kwamba ini limeota makovu, basi. Sababu hakuitaja. Lakini muuguzi alikuwa ameandika maneno ya Rosalba mwenyewe: tangu mumewe Ulises amwache, chupa moja na nusu ya mvinyo kila siku, peke yake, akishamaliza kusahihisha madaftari. Na chini yake: "Mgonjwa anaomba jambo hili lisiandikwe. Anaogopa kufukuzwa shule."

Rosalba huyo huyo, kaka! Aliyekuwa akitusema kila sikukuu ya Septemba: "Punguzeni hiyo chicha, walevi wakubwa nyie, vyombo ataosha nani?"

Swali la kumtumia daktari lilikuwa mstari mmoja tu. Sikulituma. Niliandika namba ya ini lisilojulikana chanzo, nikafunga faili, nikajiona dada mwema.

Lakini hospitalini kwetu namba ile ya pombe ndiyo inayolipeleka jina la mgonjwa kwa señora Matilde, anayewasaidia watu kuacha kunywa. Yeye hupiga simu wiki hiyo hiyo, na usipopokea anakuja mpaka mlangoni. Nililijua hilo. Nililifumbia macho. Rosalba hakupigiwa simu na mtu yeyote.

Mei, Juni, Julai, kila Jumapili jioni tulikunywa chai pamoja. Nilikuwa naona mikono yake ikitetemeka akipaka parachichi kwenye mkate. Mimi namuuliza habari za shule.

Agosti alirudishwa wodini, tumbo limejaa maji kama mjamzito wa miezi minane. Mwishoni mwa Septemba, siku yake ya mwisho ya akili timamu, alinishika mkono.

"Minda, faili langu la kwanza lilipita kwako?"

"Lilipita."

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Mbea wewe. Kumbe ulijua."

"Uliomba lisiandikwe, Rosa."

"Niliomba lisiandikwe. Sikuomba usiniulize. Kila Jumapili nasema leo ataniuliza, na akiniuliza namwambia yote. Wewe unanimiminia chai."

Nililia. Akaniambia ninyamaze, nisimtishe bibi wa kitanda cha pili. Jioni akaanza kuweweseka, akawa ananiita kwa jina la mwanafunzi wake. Siku ya tatu akatutoka.

Sisemi simu ya señora Matilde ingemponya. Daktari anasema pengine ini lilikuwa limeshakwenda mbali. Hiyo "pengine", kaka, ndiyo inayonila.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mkuu wangu nikamweleza yote. Faili la Aprili limefunguliwa, daktari ameulizwa, amejibu na kutia sahihi, na Ximena ameandika namba inayostahili. Mimi nimepewa onyo la maandishi, nimehamishiwa dirisha la kupokea wagonjwa. Sikubishana.

Mama bado anajua ni nyongo. Ukimpigia, mwache. Nitamwambia mwenyewe, ana kwa ana, nikipata nguvu.

Msalimie sana wifi Oriana, na Pascuala na Maite, waambie soksi za sufu za bibi yao ziko njiani. Mjomba Eleuterio naye anakusalimu, anasema kaburi atalipalilia yeye. Bikira wa Karmeli awakinge na baridi ya huko.

Na wewe kaka, ukiwa na hasira nami, nipigie unitukane. Nitapokea. Usininyamazie tu. Katika familia hii tumenyamaziana mpaka tumezikana.

Mdogo wako, ninayekupenda hata ukinikasirikia,

Herminda