Inchi Nne za Kiunoni

Mke wangu, ambaye vipimo vyako navijua kwa moyo,

Barua yako imenikuta kwenye cherehani, na tangu hapo nashona kombo tu. Gauni lako nalituma kipande kimoja kila msimu, kila kipande nimekitarizi barua kwa ndani: masika mkono wa kulia, kipupwe wa kushoto, niliouleta mwenyewe nilipokuja nyumbani likizo, vuli hii kiwiliwili. Nawe hata asante hukusema. Umeandika tu: "Fundi, kiuno kinabana, niongezee inchi nne."

Mimi huyu? Miaka tisa nakushonea bila kukupima, sijakosea hata nusu inchi. Mwenzangu wa meza ya pili kasema labda huko unakula vizuri. Nimecheka mpaka nikavunja sindano.

Sikuulizi kitu. Mimba mbili zilituharibikia tukiwa tumeshazitangaza, kwa hiyo najua kwa nini umefunga mdomo. Nami nimefunga wangu, ila miguu haitulii kwenye pedeli.

Nirudishie kiwiliwili nikipanue. Nitaacha kitambaa cha kutosha kwenye mishono, uwe unafumua kidogo kila mwezi.

Barua ya kiangazi nimeshaikata. Mikono yake yote miwili inaenea kwenye kiganja changu.

Fundi wako