Mngoni wa Kuhesabu Kuku

Kamwene, mtani wangu. Usinune huko uliko, ni mimi, Mhehe wako wa huku Tosamaganga, tajiri uliyekataa kumwandika.

Toka umeondoka mvua imenyesha, ulanzi unatoka kwenye mianzi mpaka tunagombania madumu. Wewe ungeuliza nani kakosa dumu. Si ndiyo kazi yako, profesa wa umaskini! Umezunguka Malawi, Zambia, mpaka Ghana huko, kumbe elimu yote uliianzia uwanjani kwangu. Siku ya kwanza umekuja na kofia yako ya pama, hujakaa hata, ukafunua sufuria. "Mbwa nimemwona nje mzima, hamjamla, basi hii nyama nitakula." Nikakwambia kaa, we Mngoni mla panya.

Halafu maswali. Kuku wangapi? Mnakula mara ngapi? Choo kina mlango? Na lile la mwisho: "Ukipata shida, unamkimbilia nani?" Kila ukirudi nakujibu, "Mimi ndiyo nakimbiliwa!" Unacheka, unaandika unavyojua wewe.

Sasa sikia. Msibani kwako, kule Mbeya kwa mumeo, nilikwenda naogopa. Si ulisema mbele za watu, "Nikifa, Mhehe asilie, achekeshe"? Na mtani akilia msibani, aibu yake wanarithi wajukuu. Nimeona jeneza tu, nikageuka kuangalia watu. Wasomi wanasoma hotuba za Kizungu, mama yako mzazi kainama.

Nikaingia ndani, nikachukua pama lako na lile begi la makaratasi. Nikatoka natembea kama wewe, ule mwendo wa bata. Huyo mpaka kwa profesa mmoja mwenye tai. "Baba, una kuku wangapi?" Ati hana. "Hata mmoja? Jamani, maskini wa kutupwa huyu, mpeni ugali!" Walicheka mpaka wachimba kaburi. Profesa mwenyewe kanyoosha mkono, anaomba na mbuzi!

Nikafika kwa mama yako. "Mama, ukipata shida, unamkimbilia nani?"

Hapo nikajuta kuuliza. Maana jibu lake lilikuwa limelala kwenye jeneza. Na langu pia. Machozi haya hapa, yanakuja.

Bibi wa watu akaniangalia. Akavuta lile pama mpaka likanifunika pua, akasema kwa sauti, "Nitakukimbilia wewe, Mhehe, ila nikija kwako mbwa wangu namfungia nyumbani, usije ukamla!"

Watu hoi. Na mimi chini ya pama... aa, hakuna aliyeona.

Basi andika sasa, jibu langu ndilo hilo: nilikuwa nakukimbilia wewe. Lakini usimwambie mtu.

Mama yako karudi Songea. Kila ulanzi ukianza kutoka nitampelekea dumu lake, hata mgongo ukikataa. Pumzika, Mngoni. Kuku wameongezeka. Wangapi, nitakuja kukwambia mwenyewe, ila sina haraka.